Mgeni wa saiti ndo anaumizwa na joto kwanza

Kaskazi ya Dar mnaijua wenyewe, Disemba mpaka Machi, usiku hamna nafuu, unaamka shuka limelowa. Mimi kazi yangu ni usalama na afya kazini, nazunguka saiti za ujenzi na viwanda, na kila mwaka kipindi hiki napigiwa simu za "kuna mtu kaanguka huku". Swali langu la kwanza huwa moja tu, ana siku ngapi hapo kazini?

Mara nyingi naambiwa ya kwanza, ya pili, sana sana ya nne. Na sio huku kwetu tu, Marekani wale wanaosimamia usalama kazini walipoangalia vifo vya joto vya watu wanaofanya kazi nje wakakuta kati ya nusu na asilimia 70 vinatokea siku chache za mwanzo. Kwa hiyo kabla hujaniuliza habari ya feni na maji ya baridi, niambie kwanza mgeni wako ni nani na umempa kazi gani.

Niwape moja niliyoiona kwa macho yangu. Februari, saiti moja ya ghorofa, mimi nilienda kukagua majukwaa tu. Siku hiyo wanamwaga zege la slabu, na zege nyie mnajua halisubiri mtu, ikianza kuchanganywa ni ndoo mkono kwa mkono mpaka mwisho. Kulikuwa na dogo mmoja katoka Makete, kashuka na basi Jumapili, Jumatatu saa moja asubuhi yuko kwenye mstari wa ndoo. Makete ile ya baridi, watu wanalala na blanketi mbili! Na kwa sababu ni mgeni wakamweka pale pazito, ndo desturi, mgeni anapimwa. Dogo naye hawezi kusema nimechoka siku ya kwanza, ataonekana mvivu kesho asiitwe.

Saa tano kasoro nikamwona anapokea ndoo imejaa zege, anageuka, anairudisha kule kule kwenye mashine. Watu wakacheka. Akafanya hivyo tena, fundi akamfokea, akawa anamjibu maneno hayaeleweki. Pale nikapiga kelele wasimamishe.

Mmoja akasema hiyo malaria imempanda kichwani, mpeni Panadol. Mwingine akasema sio joto hilo, mbona anatoka jasho? Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili kosa linaua. Watu wengi wamefundishwa kwamba kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kupanda mpaka ubongo unavurugika, sio kile kiharusi cha kupooza, ni mpaka ngozi ikauke. Hiyo ni kwa mzee aliyekaa kwenye chumba cha joto siku nzima, lakini mtu anayebeba mizigo anaweza kuwa anachuruzika jasho na huku ndani mwili umepita nyuzi 40. Usiangalie jasho, angalia akili. Mtu kwenye joto akianza kuongea hovyo, kuyumba kama mlevi, kugombana bila sababu, chukulia ni kiharusi cha joto hapo hapo, malaria mtapima baadaye. Na Panadol haisaidii kabisa, inashusha homa ile inayoletwa na ugonjwa, hili joto mwili haukulitaka, limeushinda tu, na ini linaloshughulikia hiyo dawa muda huo linaweza kuwa limeshaumia.

Tulimvuta chini ya slabu kwenye kivuli, tukamvua gambuti, ovaroli, kila kitu akabaki na bukta. Pembeni kulikuwa na mapipa ya maji ya kumwagilia zege, basi tukammwagia ndoo baada ya ndoo, kichwa, shingo, kwapa, mapaja, vijana wawili wanampepea na kipande cha plaiwudi. Fomeni anahangaika na gari, anataka apakiwe saa hiyo hiyo, nikamkatalia. Gari piga simu lije, ila mtu anapozwa kwanza halafu ndo anasafirishwa, maana foleni ya Dar unaijua, ukimpakia amechemka hivyo dakika arobaini barabarani ubongo, figo, ini vyote vinaendelea kupikwa. Maji ya kunywa hatukumpa, mtu akili haijakaa sawa anapaliwa. Kama una beseni kubwa au tenki la kumzamisha mpaka shingoni huku mmemshika ni bora zaidi, pooza kwa chochote ulichonacho. Ilipita kama dakika ishirini akaanza kuuliza niko wapi, tukampeleka hospitali na ndoo mbili za maji ndani ya gari, na alipona.

Sasa kwa nini yeye, na wenzake thelathini wako vizuri? Misuli ikifanya kazi karibu robo tatu ya nguvu yake inatoka kama joto, na njia kubwa ya kulitoa ni jasho likauke juu ya ngozi. Likikauka ndo linapoza, lile linalodondoka chini halijapoza kitu, na hewa ya Dar imeshajaa maji kwa hiyo jasho kubwa linadondoka tu. Mwenyeji mwili wake umeshajifunza, unaanza kutoa jasho mapema, damu imeongezeka maji, moyo haukimbii sana, na jasho lenyewe halina chumvi nyingi. Mgeni bado, angalia fulana yake ikikauka, mara nyingi utaona mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Kujifunza huko kunachukua siku 7 mpaka 14, na hakuna ukakamavu unaoruka hizo siku, hata awe mwanariadha.

Kwa hiyo kanuni ninayowabana nayo mafomeni ni hii, mgeni siku ya kwanza sehemu moja ya tano tu ya kazi ya juani, kesho yake mbili ya tano, hivyo hivyo mpaka siku ya tano. Na mwenyeji aliyeenda Moshi Krismasi akakaa wiki mbili akarudi Januari, huyo naye anza naye nusu siku maana mwili umeshaanza kusahau. Mabosi wananiambia nimemlipa siku nzima. Sawa, siku nzima afanye kazi, ila kivulini, kazi nyepesi zipo.

Maji ni kikombe kila dakika 15 au 20, usisubiri kiu, na usizidishe lita moja na nusu kwa saa maana maji mengi kupita kiasi nayo yanashusha chumvi ya damu. Dafu ni zuri ila chumvi yake ni kidogo, mtu anayetoka jasho masaa yote lazima ale chakula chenye chumvi. Na jamani, choo! Nimekutana na akina mama wanaobeba kokoto hawanywi maji toka asubuhi kwa sababu saiti haina choo cha wanawake, halafu msimamizi ananionyesha dispensa ya maji kwa fahari. Mweke choo kwanza. Ramadhani ikiangukia kwenye kaskazi zege limwagwe usiku au alfajiri, inawezekana, Oman kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje zinasimama saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu na majengo yanaisha tu.

Yule dogo alikaa nyumbani wiki kadhaa mpaka daktari alipomruhusu. Aliporudi tukamwanza upya kama mgeni, siku ya kwanza lisaa limoja na nusu tu juani, muda uliobaki kakaa chini ya mwembe anakunja ringi za nondo, na fomeni ndo aliyekuwa anampelekea maji.