Siyo laptopu yake, ni gemu yako

Mtu katengeneza gemu yake mwenyewe: kijana anaruka juu ya mapaa ya daladala, picha kachora kwa mkono, honi karekodi kwa simu. Anaisambaza kwa wenzake. Wa kwanza kuifungua anarudi: "Kaka, huyu kijana wako anakimbia mno, sijagusa kibodi kashaanguka." Jibu? "Mashine yako ina nguvu sana hiyo." Wa pili analalamika kwamba kijana anatambaa, naye anaambiwa atafute laptopu ya maana.

Hapana. Jamani, hapana. Saa ya ukutani haiendi mbio kwa kuwa imetundikwa kwenye ghorofa. Gemu ikibadilika kasi kwa sababu imehamia mashine nyingine, kosa liko kwenye msimbo wako.

Umeandika x = x + 5 (x ni mahali alipo kijana) ndani ya kitanzi cha fremu, kile kinachorudiwa kila picha moja ya gemu inapochorwa, basi. Skrini yako ni ya 60 Hz, yaani inachora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kijana anakwenda pikseli 300 kwa sekunde. Kwa mwenye skrini ya 144 Hz anakwenda 720. Kwenye kivinjari ndiyo usiseme, maana requestAnimationFrame, amri ya JavaScript ya kuomba fremu ijayo, kwa kawaida hufuata skrini ya mtu, na iPhone ikiwekwa kuokoa betri, Safari inashuka hadi fremu 30 kwa sekunde. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Gemu nyingi zilizoandikiwa IBM PC ya 1981, yenye prosesa ya 4.77 MHz, hazikuchezeka kwenye mashine za kasi zilizofuata, na ndiyo maana kompyuta nyingi za baadaye zilikuwa na kitufe cha Turbo cha kuzirudisha polepole. Mara moja tu nakubali ulizaa uzuri: katika Space Invaders ya 1978 mashine husogeza mvamizi mmoja kwa kila fremu, hivyo wakipungua, waliobaki wanakuja mbio. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, akaacha hivyo hivyo. Wewe si Nishikado.

"Aa, hilo nalijua, mimi nazidisha kwa delta," yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Hapa ndipo ninapochoka kabisa, kwa sababu anayesema hivi anaamini kamaliza.

Delta inatosha kwa kitu kinachokwenda kwa kasi moja. Kuruka si kasi moja. Tuseme kijana anaruka kwa pikseli 600 kwa sekunde, na graviti ni 1800. Kwa hesabu za darasani anafika pikseli 100 juu. Sasa andika kama tunavyoandika wote, punguza kasi kwanza kisha sogeza, kila kitu mara delta. Kwa fremu 60 anafika 95. Kwa fremu 30 anafika 90. Kwa fremu 144 anakaribia 98. Ukiwa umeweka paa la daladala kwenye pikseli 93, mwenye simu dhaifu hatalipanda mpaka kiama, na wewe utamwambia hajui kucheza! Ukisogeza kwa kasi mara delta, kisha ukaondoa nusu ya graviti mara delta mara delta, ndipo upunguze kasi, tofauti hiyo inakwisha. Lakini inakwisha kwa graviti isiyobadilika tu. Ongeza upepo au kamba ya kubembea, umerudi ulikotoka.

Na msuguano! Watu wanaandika kasi *= 0.9, yaani kasi izidishwe kwa 0.9, kwa kila fremu. Kwa sekunde moja ya fremu 30 inabaki asilimia 4 ya kasi, kwa fremu 60 haibaki hata nusu ya asilimia moja. Ukimwambia mtu arekebishe, anaandika kasi *= 0.9 * delta, kijana anaganda papo hapo, halafu anakuja kuniuliza kama injini ina hitilafu. Kinachotakiwa ni 0.9 kwa kipeo cha delta mara 60.

Risasi nayo: kwa pikseli 900 kwa sekunde na fremu 30, inaruka pikseli 30 kila mara. Ukuta wako una unene wa 16. Inaweza kupita bila hodi.

Kwa hiyo natumia hatua isiyobadilika. Muda uliopita unawekwa akiba, na kila akiba ikifika 1/60 ya sekunde unapiga hesabu za fizikia mara moja. Kinachobaki kinangoja fremu ijayo. Injini ya gemu ya Godot inakupa tayari kwenye _physics_process. Weka kikomo cha hatua kwa fremu, la sivyo mashine dhaifu itapiga hatua nyingi kulipa deni, deni likue, mpaka ikwame.

Vitabu huishia hapo vikiwa vimeshinda. Ila kwenye skrini ya 144 Hz hatua 60 zinaonekana kugugumia, isipokuwa umchore kijana kati ya hatua mbili za mwisho. Na ukifanya hivyo, unachokiona kimechelewa hadi milisekunde 17 hivi. Nadhani nauhisi mchelewo huo. Huenda nauhisi kwa kuwa najua upo. Na kwa gemu ya saa 48 za Ludum Dare, shindano la kutengeneza gemu haraka, sina hakika kazi hii yote inalipa. Mara nyingine naweka hatua 120, naacha kuchora katikati, na macho yananyamaza.

Mengine haraka: Windows haitofautishi Mpira.png na mpira.png, seva nyingi za wavuti zinatofautisha, kwa hiyo picha "zilizopotea" hazijapotea. Kivinjari mara nyingi hakitatoa sauti kabla mchezaji hajabofya. Asiyetaka habari za delta kabisa atumie PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo: skrini ya 128 kwa 128, rangi 16, na inaita _update yenyewe mara 30 kwa sekunde.

Kabla hujasambaza, ifunge gemu kwenye fremu 30, ruka kwenye lile paa. Ifunge kwenye 120, ruka tena. Likipandika kote, nitumie nami nicheze.