Herufi E katika EC50 haimaanishi kifo

Kila zinapotajwa chembe nano (ndogo mno) za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma inayotiwa kwenye maji ili inase sumu ya aseniki kisha ivutwe kwa sumaku, haikosekani sentensi hii: "EC50 ni kiasi kinachoua nusu ya dafnia," yaani vijidudu vya maji baridi vya jamii ya kamba. Sivyo. EC50 ni ukolezi (kiasi cha kitu ndani ya kila lita ya maji) unaoleta athari fulani kwa nusu ya viumbe ndani ya muda fulani. Athari na muda lazima vitajwe.

Kinachochanganywa ni herufi. LC50 ndiyo ukolezi unaoua nusu ya viumbe; L yake inatokana na Kilatini letum, kifo. Dada yake mkubwa ni LD50, aliyoileta J. W. Trevan mwaka 1927, na D yake ni dozi, kiasi anachopewa mnyama. C ni ukolezi (concentration) ndani ya maji. E ni athari (effect), basi.

Katika OECD 202, jaribio sanifu la kimataifa la dafnia, dafnia wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa hukaa saa 48 bila chakula, angalau 20 kwa kila ukolezi. Chombo hutikiswa taratibu; asiyeogelea ndani ya sekunde 15 anahesabiwa, hata kama vipapasio bado vinacheza. Mwili wake unapenya mwanga, na kwa hadubini utauona moyo wake ukidunda. Huyo ameingia kwenye EC50, naye yu hai.

Kwa magnetaiti jambo hili lina uzito wa pekee. Dafnia hula kwa kuchuja maji, hivyo utumbo wake hujaa weusi, na mabonge ya chembe hunata kwenye vipapasio anavyoogelea navyo. Anaweza kushindwa kuogelea kwa kulemewa tu, si kwa sumu ya chuma. Tena chembe hugandana na kutua chini: ukikokotoa kwa gramu ulizopima kwenye mizani badala ya chuma kilichobaki majini, EC50 hutoka kubwa na chembe huonekana salama kuliko zilivyo. Pima chuma mwanzoni na baada ya saa 48.

Wala EC50 si kikomo cha usalama. Nusu nzima wamekwisha kudhurika. Kwa hilo tazama jaribio la uzazi la siku 21.

Kwa hiyo andika hivi: "EC50 ya saa 48, kushindwa kuogelea, ukolezi uliopimwa." Neno "kuua" liachie LC50, ukishahakikisha kwa hadubini kwamba mioyo imesimama.