Kuwekeza katika betri za kompyuta mpakato: unanunua nini hasa?

Ni kununua hisa za kampuni zinazowauzia betri kina HP, Dell, Lenovo na Apple. Kabla ya bei ya hisa, tazama kampuni iko ngazi gani, kwa sababu anayetengeneza seli (vipande vya ndani ya betri vinavyohifadhi umeme) na anayeziunganisha hawapati faida sawa.

Katika seli, jina kubwa ni ATL. Hisa zake huzikuti sokoni: tangu 2005 inamilikiwa na TDK ya Japani, hivyo anayeitaka hununua TDK katika Soko la Hisa la Tokyo na kubeba vipuri vingine vyote inavyouza. Usiichanganye na CATL, iliyochipuka kutoka ATL mwaka 2011. Hiyo hutengeneza hasa betri za magari. LG Energy Solution na Samsung SDI nazo zina seli za kompyuta, ila hisa zao hufuata zaidi upepo wa magari ya umeme.

Waunganishaji, kama Simplo na Dynapack za Taiwan, hununua seli, huziunga (tatu za volti 3.85 kwa mfululizo hutoa volti 11.55), huongeza saketi ya kuzuia chaji na joto kupita kiasi, kisha hufunga betri. Gharama yao kubwa ni seli za watu wengine, kwa hiyo faida ni nyembamba. Ukiona mauzo yanakua huku asilimia ya faida ghafi (mauzo ukitoa gharama za kutengeneza bidhaa) ikishuka, huenda seli zimepanda bei na mteja amekataa kuongezewa.

Kobalti ndiyo mwiba. Seli nyingi za kompyuta hutumia oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo takribani asilimia 60 ya uzito wake ni kobalti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Iliposimamisha kuiuza nje Februari 2025, bei ilipanda. Betri za magari za fosfati ya chuma hazina shida hiyo.

Halafu kuna kasoro za kiwandani. Mwaka 2006 chembe za chuma ndani ya seli za Sony zilisababisha shoti. Dell ikawataka wateja warudishe betri milioni 4.1, Apple milioni 1.8, na gharama zikamwangukia Sony.

Kwenye taarifa ya mwaka, soma kwanza maelezo ya hesabu: wateja wakubwa wana asilimia ngapi ya mauzo, kiasi gani kimetengwa kwa waranti, na shehena ya ghalani inakua haraka kuliko mauzo? Hilo la mwisho liliwaumiza wengi 2022, soko la kompyuta liliposhuka baada ya mbio za 2020 na 2021.