Matilda si binti, na wimbo wake si wimbo wa taifa wa Australia

Kila Australia inapocheza mechi kubwa, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: eti "Waltzing Matilda" ndio wimbo wa taifa lao, na unamsifu binti aliyecheza dansi. Yote mawili si kweli.

Wimbo wa taifa ni "Advance Australia Fair", rasmi tangu 1984. Mwaka 1977 wananchi walipigia kura nyimbo nne. "Waltzing Matilda" ukawa wa pili.

Na Matilda? Ni blanketi lililoviringishwa. Shairi hilo la 1895 linamhusu mtafuta vibarua anayezunguka mashambani kwa miguu, mzigo mgongoni. "Kucheza" na Matilda ni kuzurura na mzigo huo. Anachemsha maji kwenye kopo kando ya dimbwi, anamkamata kondoo wa mtu na kumsokomeza kwenye mfuko wake wa chakula. Mwenye kondoo anatokea na askari watatu, na yule mtafuta vibarua anajitosa majini na kufa. Mimi naona ni wimbo wa huzuni sana, ingawa tuni yake inachangamsha.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka: mashabiki huuimba viwanjani kwa mapenzi makubwa, na timu ya taifa ya soka ya wanawake inaitwa Matildas. Ukitaka uhakika, tazama mwanzo wa mechi yao ya kimataifa, wachezaji wakiwa wamejipanga mstari, usikilize wanaimba nini.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.