Diski ya TB 4 inasoma GB 1678? Usigombane na muuzaji, angalia kesi kwanza

Hili tatizo linakuja sana mezani kwangu, hasa kwa washkaji wanaoshuti harusi na sendofu maana video zao zinakula nafasi vibaya. Mtu ananunua diski mpya ya TB 4, ile kubwa ya inchi 3.5, halafu ana kesi ya USB ya zamani (kile kiboksi cha kuwekea diski uichomeke nje ya kompyuta) iliyokuwa na diski ya GB 500, anatoa ile anachomeka hii, anawasha kompyuta anakuta GB 1678. Basi hapo moto unawaka, anarudi dukani Kariakoo kudai kauziwa feki.

Sio feki bana. Na nasema hivyo hata kabla sijaishika hiyo diski, kwa sababu diski feki na flashi feki hudanganya kwa kuongeza, inaandika TB 2 ndani ina GB 32 tu. Diski inayopungua, tena ikapungua kwa namba ile ile kila siku, hiyo ni hesabu imekatwa mahali, na pa kukatwa ni kwenye ile chipu ndogo ndani ya kesi inayotafsiri kati ya SATA (njia ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta) na USB.

Iko hivi. Diski imegawanywa vipande vinaitwa sekta, kila kimoja baiti 512, na kila sekta ina namba yake. Chipu nyingi za zamani zinashika hizo namba kwa biti 32, yaani zinaweza kuhesabu sekta 4,294,967,296 basi, zidisha kwa 512 unapata karibu TB 2.2, ambayo Windows yenyewe inaiandika 2048 GB sababu inahesabu kwa 1024. Ukivuka hapo ni kama mita ya gari ikifika mwisho, inarudi sifuri inaanza upya, na kompyuta inaonyeshwa kile kilichobaki tu.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Diski ya TB 4 ina sekta 7,814,037,168, nyingi wanaandika hiyo namba kwenye lebo pembeni ya neno LBA (yaani namba za sekta). Toa 4,294,967,296 inabaki 3,519,069,872, zidisha kwa 512 kisha gawa kwa 1024 mara tatu, na hiyo ndo GB 1678 yako. Ya TB 3 inasoma GB 746, hii ndo maarufu kuliko zote, ukiona 746 popote usihangaike kuuliza. Ya TB 8 inazunguka mara tatu kabisa inakuachia kama GB 1308, ndo maana unakuta diski kubwa zaidi inasoma kidogo kuliko ndogo na watu wanachanganyikiwa. Kuna chipu nyingine zina adabu kidogo, hazizunguki, zinagota tu kwenye 2048 GB.

Usichanganye na ile ya TB 4 kusoma 3.63, hiyo ni sawa kabisa, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1000 na 1024, hamna kilichoibiwa.

Kuhakikisha ni rahisi: ichomeke moja kwa moja kwenye SATA ya dekstopu. Kwenye Linux andika amri ya dmesg, itakuambia idadi ya sekta, linganisha na lebo. Zikilingana diski ni nzima, tatizo ni kesi.

Hapa naomba utulie. Kama diski tayari ina mafaili kutoka kwenye mashine nyingine, ukaichomeka kwenye kesi ya zamani Windows ikakwambia inataka kufomati, USIKUBALI, funga hicho kidirisha chomoa. Mafaili yako bado yapo, ni kesi tu haioni mwisho wa diski, ila ukishafomati unakuwa umeandika juu ya mwanzo wa diski yako mwenyewe na hapo ndo tunaanza habari za kurikava, ambazo ni ghali na hazina uhakika. Kuna kesi mbaya zaidi zinaonyesha saizi kamili halafu ukivuka TB 2.2 zinaandika mwanzo wa diski kimyakimya, kwa hiyo kesi usiyoijua ijaribu kwa diski tupu, ijaze mpaka mwisho kwa programu za kupima kama H2testw au f3, itachukua masaa mengi lakini acha ijaze.

Na kuna kinyume chake. Diski za nje za kiwandani za TB 3 na kuendelea, baadhi chipu yake inajifanya sekta ni baiti 4096, walifanya hivyo ili Windows XP iweze kuitumia diski nzima kwa MBR (mfumo wa zamani wa kugawa diski). Ukiitoa kwenye kesi yake ukaipeleka SATA inasoma tupu kabisa, roho inakutoka. Irudishe kwenye kesi yake, kopi mafaili, ndo uihamishe. Zingine chipu yenyewe inafunga data kwa siri (encryption), hizo kesi ikifa ni balaa.

Hili jambo sio jipya, enzi za IDE (waya za diski kabla ya SATA) ilikuwa hivi hivi, kesi zinagota GB 137 sababu namba zilikuwa biti 28.

Dawa ni kununua kesi nyingine. Kuna chipu zinatengenezeka kwa famwea mpya (programu ya ndani ya chipu) ila mimi siwashauri watu, muda utakaopoteza unazidi bei ya kesi. Ukienda kununua usiangalie rangi ya bluu ya USB 3 peke yake, soma kwenye boksi imeandikwa inabeba mpaka TB ngapi, na kama muuzaji ana meza mwambie aichomeke diski yako pale pale uone 3.63 kwa macho. Ile ya zamani weka diski ya TB 2 au chini, itakupigia kazi fresh tu.