Mtoto hakatiwi uraia ubalozini

Juzi nilialikwa akika ya mtoto mchanga hapa Leicester, Uingereza, pilau limeshaliwa, watu wapo kwenye chai na visheti, baba mtoto akasimama kutoa shukrani. Kashukuru wazee, kashukuru majirani, kamshukuru mkewe, halafu akamalizia: "Na wiki iliyopita tulienda London tukamkatia uraia wake ubalozini, kwa hiyo huyu sasa ni Mtanzania wa kuzaliwa kabisa, na mwenyewe nimemrithisha." Watu makofi. Na mimi nikapiga, mana mtu humrekebishi mbele ya wakwe zake wakati umekula pilau lake. Ila hiyo sentensi nimeshaisikia mara nyingi mno, kwenye harusi, saluni, kwenye foleni ya vyakula vya Kihindi, na kila mara imekosewa kwa namna ileile, kwa hiyo leo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kuandikisha mtoto ubalozini ni kuiambia serikali ya nchi yako kwamba wewe raia wake umepata mtoto nje ya nchi, ili aingie kwenye kumbukumbu zao na apate karatasi zake, hasa pasipoti. Nchi nyingine zina rejista maalumu ya watoto waliozaliwa nje, kwingine jambo lenyewe linafanyika humohumo kwenye maombi ya pasi. Kazi hii ya ubalozi imetajwa hata kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mambo ya konseli (yaani huduma za ubalozi kwa raia wake), kifungu cha 5, kwamba afisa wa konseli anaweza kufanya kazi za msajili alimradi sheria za nchi mwenyeji hazimkatazi. Basi, hiyo ndo maana. Shida yangu iko kwenye maneno tunayoizungushia.

Tuanze na "kukata". Kiswahili tunakata tiketi, tunakata leseni, tunakata cheti, tunakata kitambulisho. Kote huko kuna karatasi, enzi zile ilikuwa inachanwa kabisa kutoka kwenye kitabu, wewe unaondoka na kipande, kishina kinabaki kwa karani. Kwa hiyo kumkatia mtoto pasi ni Kiswahili safi kabisa. Lakini uraia hauko kwenye kitabu cha mtu yeyote ukisubiri kuchanwa. Kwa sheria ya uraia ya Tanzania, ile ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje anakuwa raia tangu siku aliyozaliwa, ikiwa siku hiyo baba au mama yake ni raia wa aina inayotakiwa (hiyo aina nakuja nayo, ndo moyo wa hii habari). Tangu siku aliyozaliwa! Yaani yule mtoto alikuwa Mtanzania wodini, hajapewa hata jina, wiki kadhaa kabla baba yake hajapanda treni ya London. Kilichofanyika ubalozini ni kutambuliwa. Na ndo maana mtu aliyechelewa kumwandikisha mwanawe mpaka amefika darasa la tatu hajampotezea uraia, kajipa tu usumbufu wa kutafuta karatasi za zamani.

Hapa neno "balozi" lenyewe linanisaidia. Limetufikia kutoka Kituruki, balyoz, na Waturuki nao walilitoa kwa watu wa Venice waliokuwa wanamwita mwakilishi wao kule Istanbul bailo, na ukilifuata nyuma zaidi unakuta Kilatini, mzizi wake ni mtu anayebeba mzigo. Mchukuzi! Mimi napenda sana kwamba Mheshimiwa Balozi na mpagazi wa bandarini wametoka nyumba moja. Na sisi Tanzania tukalichukua hilohilo tukampa balozi wa nyumba kumi, yule mzee wa mtaani unayemfuata akuandikie barua ukitaka kufungua akaunti au kumdhamini ndugu polisi. Sasa hebu jiulize, balozi wa nyumba kumi akiandika "namtambua huyu ni mkazi wangu", ndo amekufanya mkazi? Wewe ulishakaa pale miaka sita unadaiwa na muuza mkaa. Anaandika anachokijua na barua yako inabebwa mbele. Ubalozi wa London unafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba kuna kiyoyozi na lazima uwe na miadi.

Kuna wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema ubalozi ni ardhi ya Tanzania, kwa hiyo mtoto akiandikishwa mle ni kama kazaliwa Tanzania. Hapana jamani. Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1961, unasema majengo ya ubalozi hayaingiliki, polisi wa nchi mwenyeji hawakanyagi bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Hapo ndo watu walipochanganya, kutoingilika kukawa umiliki wa ardhi. Ubalozi wetu upo Stratford Place, hatua chache kutoka Oxford Street, na mwanamke akishikwa na uchungu pale kwenye sofa la mapokezi mtoto atakuwa kazaliwa London na cheti chake kitatoka London.

Tena hilo la cheti lina watu wake. Cheti cha kuzaliwa kinatoka pale tukio lilipotokea. England mtoto lazima aandikishwe kwa msajili wa huku ndani ya siku 42, Scotland 21, uwe mzungu uwe Mmakonde, na hakuna ubalozi unaokufanyia hiyo kazi. Usajili wa ubalozini unakaa juu ya ule, hauchukui nafasi yake. Nimewahi kusikia mtu akimshauri mwenzake asisumbuke, akienda likizo Dar amkatie mtoto cheti cha "alizaliwa Temeke", mambo yaishe. Mambo hayaishi hapo, yanaanza. Mtoto anakuwa na vyeti viwili vya kuzaliwa mahali pawili tarehe moja, na kimoja ni cha uongo, na siku atakayotakiwa kuonyesha vyote viwili kwenye meza moja wewe uliyemshauri hutakuwepo.

(Kwa waliozoea lugha ya RITA, wakala wa usajili kule nyumbani, wao wanaita "usajili wa vizazi na vifo", na kizazi hapo ni tukio la kuzaliwa. Kuna kaka aliulizwa kwenye simu kama anataka kusajili kizazi akajibu hapana, ni mtoto mmoja tu.)

Haya, sasa "wa kuzaliwa". Hapa ndo panaponikera kuliko pote, mana makosa yake yana gharama. Kila mtu amezaliwa, hilo halina ubishi, kwa hiyo mtu akisikia "raia wa kuzaliwa" anaona hilo neno linamhusu mwanawe, kwani huyu si kazaliwa na Watanzania? Ila kwenye sheria ya Tanzania raia wako makundi matatu. Wa kuzaliwa, yaani aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kwa masharti ya sheria. Wa kurithi, aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania. Na wa tajnisi, mgeni aliyeomba akapewa. Mtoto wa Leicester ni wa kurithi. Sio tusi, sio daraja la pili kwenye kupiga kura wala kumiliki shamba, pasi yake ni ileile. Ila kuna kitu hapati, urais, mana Katiba ibara ya 39 inataka raia wa kuzaliwa, na baba zake wadogo wanaomwita "rais mtarajiwa" inabidi watafute jina lingine la utani.

Kitu kikubwa ni kizazi kinachofuata. Sheria inasema mzazi anayempa mtoto aliyezaliwa nje uraia wa kurithi awe ni raia kwa njia isiyokuwa ya kurithi. Soma tena taratibu. Mzazi wa kuzaliwa anarithisha, wa tajnisi anarithisha, wa kurithi harithishi kwa mtoto aliyezaliwa nje. Inaishia hapo. Na ndo maana nalaumu neno lenyewe, mana Mswahili akisikia kurithi anawaza shamba, nyumba ya Ng'ambo, cherehani ya bibi. Mali ya urithi ndo hasa inayoendelea kushuka, babu kwa baba, baba kwa mtoto, mtoto kwa mjukuu, hata mkigombana inashuka. Huu uraia unaoitwa wa kurithi ndo pekee usioshuka tena! Aliyechagua neno alitafsiri vizuri hatua ya kwanza akasahau kwamba wasikilizaji wataendelea na hatua ya pili kwa akili yao. Ningeulizwa mimi ningeuita uraia wa nasaba, angalau ungetufanya tuulize nasaba inahesabiwa mpaka wapi. Ila sikuulizwa.

Na balaa linaongezeka kwa sababu Kiswahili ni kimoja ila nchi ni nyingi. Jirani yangu Mkenya, tunasaidiana kuchukua watoto shule, yeye anasema wanawe waliozaliwa hapahapa ni raia wa kuzaliwa, na yuko sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Kwao "kuzaliwa" ni kuzaliwa na nani, kwetu ni kuzaliwa wapi. Maneno yaleyale mawili! Tena kwao ni ushindi mpya, mana kabla ya 2010 mtoto aliyezaliwa nje alikuwa anaupata kwa baba, mama Mkenya peke yake hakutosha. Na ibara ya 16 inamruhusu kubaki na uraia mwingine, wakati wa kwetu akifika miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili sheria inamtaka aukane ule wa kigeni kama anataka kubaki na wa kwetu. Sasa chukua mama wa Kikenya na mama wa Kitanzania wamekaa kwenye benchi la uwanja wa michezo wanapeana ushauri kwa Kiswahili kizuri kabisa, kila mmoja anasema ukweli wa kwao, wanaagana wote wamepotea.

Na usidhani Uingereza itakufunika wakati unajichanganya. Tangu 1983 kuzaliwa huku peke yake hakumfanyi mtoto kuwa Mwingereza, inategemea mzazi ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Wazazi walioko kwenye viza ya kazi au masomo, pasi ya kwao ndo pasi pekee mtoto anayoweza kuipata kwa wakati huo.

Nirudi kwenye akika. Wakati wa kuosha vyombo mama mtoto akaniletea faili la plastiki, kaniambia dada hebu tuangalizie kama karatasi ziko sawa, baba yake anasema tumemaliza. Nikakuta vyeti viwili vya mtoto, kirefu na kifupi. Hiki kifupi wengi wanakipenda kwa sababu kidogo na kinaingia kwenye pochi, kina jina, jinsia, tarehe na mahali alipozaliwa, basi. Mama hayumo, baba hayumo. Kwa mambo ya kurithi hakina kazi, utarithi kwa nani wakati mzazi hayuko kwenye karatasi? Kirefu ndo chenye majina ya wazazi, nashukuru walikuwa nacho na ndo walichopeleka.

Chini yake kulikuwa na cheti cha baba. Kazaliwa Muscat, 1988, wazazi wake wote Wazanzibari walioenda kufanya kazi, yeye karudi Unguja ana miaka minne, kasoma Unguja, anaongea kama hajawahi kuvuka maji. Kisha cheti cha mama. Tanga, hospitali ya wilaya, wino umefifia lakini muhuri unasomeka.

Nikakaa na kile cha Tanga mkononi kidogo. Watu wote wale walikuwa wamempigia makofi baba, na yeye mwenyewe kasema kamrithisha mwanawe. Baba ni raia wa kurithi. Kwa upande wake mtoto asingepata kitu. Mtoto ni Mtanzania kwa kile cheti kilichofifia cha mama yake.

Nilimsubiri baba mtoto mlangoni wakati ananifungia pilau la kubeba. Nikamwambia taratibu, mdogo wangu, siku nyingine sema tumemwandikisha mtoto ubalozini na tumemkatia pasi, uraia alikuwa nao tangu wodini, na sio wa kuzaliwa, ni wa kurithi. Akasema sawa dada, si ndo nilisema, nimemrithisha. Nikamwambia hapana, wewe wa Muscat, cheti kilichofanya kazi ni cha mkeo.

Akatulia, sufuria iko mkononi. "Kwa hiyo kamrithi mama yake?"

Nikamwambia ndo hivyo.

Akageuka kuangalia sebuleni, wakwe bado wamekaa. "Basi ngoja nirudi nikatoe shukrani upya."

Akarudi kweli.