Chaneli ya Wi-Fi ni nini, na kwa nini intaneti ya fleti hukwama jioni

Chaneli ya Wi-Fi ni kipande cha masafa ya redio ambacho ruta, kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, hutumia kuwasiliana na simu, kompyuta na televisheni za nyumbani. Kipande hicho si mali yako. Ruta ya jirani, ya aliye ghorofa ya juu na ya duka la chini huenda zote zimekaa papo hapo. Kwa anayeishi mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Umoja au Roysambu, ambako fleti zimebanana kiasi kwamba dirisha linatazamana na dirisha, kuielewa chaneli mara nyingi kunafaa kuliko kupandisha kifurushi. Inaniuma kuona familia ikiongeza malipo ya kila mwezi, halafu saa mbili usiku video inakwama vilevile.

Kasi unayolipia ni ile inayofika kwenye ruta kwa waya wa faiba. Kuanzia hapo hadi kwenye simu yako, safari ni ya hewani, na huko kampuni haikutengei nafasi.

Masafa ya GHz 2.4 (gigahezi, kipimo cha masafa ya redio), ambayo karibu kila kifaa huyatumia, yamegawanywa katika chaneli 13 katika nchi nyingi. Ukisikia 13 utadhani nafasi ni tele. Shida ni kwamba chaneli moja na inayofuata zimeachana kwa MHz 5 tu (megahezi, kipimo kidogo kuliko gigahezi), ilhali ruta inapotuma huchukua upana wa takriban MHz 20. Kwa hiyo aliye kwenye chaneli ya 3 anamwaga mawimbi yake juu ya 1, 2, 4 na 5. Zinazoweza kutumika bila kukanyagana ni tatu: 1, 6 na 11. Sasa hesabu milango ya jengo lako.

Ruta zilizo kwenye chaneli moja huendesha mambo kama watu walio kwenye baraza moja: kila mmoja husikiliza kwanza, na akikuta mwenzake anasema, hungoja zamu. Kwa hiyo wengi wakiwa kwenye chaneli ya 6, kila mtu anapata zamu chache, lakini ujumbe unafika. Aliye kwenye chaneli ya 4 ni mtu anayepiga kelele chumba cha pili. Maneno yake hayaeleweki ili asubiriwe, ila yanatosha kuvuruga yanayosemwa barazani. Data inaharibika njiani na kutumwa upya. Ndiyo maana ule ushauri wa kufungua programu ya kupima mitandao na kuhamia chaneli yoyote inayoonekana tupu, tuseme ya 3 au ya 8, unaweza kumwumiza mwenye kuufuata pamoja na majirani zake. Chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye ruta chache, hasa zile zenye mawimbi makali, na uweke upana kuwa MHz 20. Upana wa MHz 40 kwenye GHz 2.4 hula karibu nusu ya masafa yote. Kwenye fleti sioni sababu ya kuutumia.

Haya hubadilishwa kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta yenyewe, unaofunguliwa kwa kivinjari. Anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, na nywila huwa zimeandikwa kwenye kibandiko cha chini au nyuma. Ruta nyingi zimeachiwa kujichagulia chaneli, na nyingi huchagua zinapowashwa. Stima ikipotea jengo zima kisha ikarudi, zote huamka kwa wakati mmoja, kila moja ikichagua kabla hali ya kawaida haijaonekana. Mtandao ukizorota baada ya stima kurudi, izime ruta yako na kuiwasha tena baadaye.

Dawa kubwa zaidi ni GHz 5. Huko chaneli ni nyingi, na zikiwekwa upana wa MHz 20 hazipandani. Watu huyalaumu masafa haya kwa kushindwa kupenya kuta, na ni kweli kuta za mawe na zege huyapunguza sana. Lakini kwenye fleti, ukuta huohuo unakukinga na mawimbi ya jirani. Ruta yako ikitoa masafa yote mawili kwa jina moja, yape majina tofauti. Simu na televisheni zihamie GHz 5, vifaa vya zamani vibaki GHz 2.4. Televisheni iliyo karibu na ruta iunganishe kwa waya kabisa, ili isigombanie hewa na mtu.

Kifaa kilicho mbali na ruta pia kina gharama. Mawimbi yakiwa dhaifu, hutuma polepole, na zamu yake inakuwa ndefu huku wengine wakingoja. Kwa hiyo ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati inamchelewesha hata aliyekaa kando yake. Itoe, iinue, iweke katikati ya nyumba. Vile vikuza mawimbi vya bei nafuu vinavyouzwa Luthuli Avenue, vingi hupokea na kurudia data kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili na kasi inaweza kushuka kwa nusu. Kwa fleti ya chumba kimoja cha kulala, jaribu kusogeza ruta kabla ya kununua chochote.

Kabla ya yote, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, pima kasi jioni wakati wa shida, kisha pima kwa Wi-Fi hatua chache kutoka kwenye ruta. Waya ukikupa kasi unayolipia na Wi-Fi ikakunyima, tatizo liko hewani, na kuongeza kifurushi hakutaliondoa. Kasi ya waya nayo ikiwa ndogo, chukua vipimo vyako na saa ulizopima, uipigie kampuni simu.